Muhuri Namba Thelathini na Moja

Kiwanda cha Shurakovo kilitengeneza mashine za kufulia nguo. Ndivyo lilivyosema bango la langoni, ndivyo walivyofundishwa watoto shuleni, na ndivyo Kapitolina Lekomtseva alivyomjibu kila mgeni aliyemuuliza kazi yake kwa miaka thelathini na mmoja. Wala haukuwa uongo. Mashine za kufulia zilikuwapo, katika karakana moja kule nyuma ya ghala la makaa, na kila aliyenunua moja ilimbidi aifunge kwa kamba kwenye bomba, maana ikishaanza kukoroga ilitembea yenyewe mpaka mlangoni. Karakana nyingine kumi na tisa zilitengeneza kitu kingine, chenye urefu wa mita kumi na moja. Ndani ya uzio kiliitwa "bidhaa". Nje ya uzio hakikuitwa kitu.

Lilikuwa kombora, tuseme ukweli, la kubebwa juu ya lori na kurushwa kilomita mia tatu. Mume wa Kapitolina, Avdei, alichomelea mikia yake katika karakana ya tano. Walilala kitanda kimoja miaka ishirini na minane, na hakuna siku ambayo mmoja alimwambia mwenzake alichofanya kutwa. Walizungumzia viazi. Avdei akirudi na macho mekundu kwa cheche, mkewe alimuuliza, "Mashine zimesumbua leo?" naye akajibu, "Zimesumbua," wakala supu yao ya kabichi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini Shurakovo mji mzima ulikuwa kata, na kata zote zilikuwa zimetia sahihi karatasi ya kunyamaza.

Kapitolina mwenyewe alikuwa karakana ya kumi na nne, kwenye jairo. Jairo ni kigurudumu kinachozungushwa kwa kasi ndani ya kombora, mfano wa pia ya watoto, na kwa kuwa pia inayozunguka haipendi kulala, ndiyo inayolijulisha kombora wapi ni juu na wapi ni kando. Ikikwama hata kidogo, kombora linaruka bila kujua liendako. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake kumi na wanne wenye makoti meupe, na kila asubuhi nyapara wao, Porfiri Zotov, alisimama mlangoni akawauliza mmoja mmoja: "Umegombana na mzee?" Aliyegombana hakuruhusiwa kugusa jairo. Alipelekwa kupanga skrubu kutwa, maana mkono wenye hasira hutetemeka. Wajanja kama Rimma waligombana na waume zao kila Ijumaa, wapate kupumzika.

Zamani, bidhaa ilipokuwa bado changa, ilikuwa haisikii. Wahandisi walikuja kutoka mji mkuu, wakachora, wakakokotoa, wakalirusha la kwanza kule nyikani, nalo likaenda kuua ng'ombe wa shamba la ushirika, kilomita arobaini kutoka lilikotumwa. Wakachora upya. La pili lilipanda, likageuka kutazama lilikotoka, na wahandisi wakajitupa handakini kifudifudi na penseli zao masikioni. Kapitolina wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na sita. Alisimama nyuma ya mhandisi mkuu na kikombe cha chai, akamwambia, "Ndugu mhandisi, tatizo si hesabu. Ni shali." Wanawake walikuwa wakija kazini na shali za sufi, kama wafanyavyo Shurakovo kuanzia Septemba mpaka Mei, na nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, ziliingia kwenye beringi. Shali zikapigwa marufuku ndani ya karakana, vikagawiwa vitambaa vya hariri vya kichwani, ikawekwa amri kila beringi ifutwe kwa spiriti mara tatu, na kombora la sita likapiga palepale lilipotumwa. Mhandisi mkuu alipewa nishani, na Kapitolina akapewa muhuri.

Muhuri wenyewe ulikuwa wa chuma, mdogo kama punje ya njegere, na namba yake 31. Ukubwa wake ulikuwa kwenye maana: kazi iliyogongwa muhuri ule haikufunguliwa tena na mkaguzi yeyote. Ukishagongwa, umegongwa. Kiwandani kulikuwa na watu elfu kumi na moja, na wenye mihuri yao binafsi walikuwa tisa. Kapitolina aliuvaa shingoni kwa uzi, hata kwenye nyumba ya mvuke, ambako ulipata moto ukamwachia alama kifuani. Picha yake ilitundikwa kwenye ubao wa heshima langoni. Hakuwa mtu wa majivuno, ila akipita pale alikuwa anapunguza mwendo.

Sasa tufike Desemba ya mwaka wa themanini na saba. Zilikuwa zimebaki jairo kumi na mbili kutimiza lengo la mwaka, na beringi zilizotakiwa kufika Oktoba zilifika tarehe ishirini na nne Desemba. Halikumshangaza mtu. Kila mwaka kiwanda kilisinzia miezi na miezi, halafu kikakurupuka siku saba za mwisho kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Kapitolina akaunganisha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tarehe ishirini na nane figo zilimkamata akiwa mezani, akapelekwa hospitali amejikunja.

Kesho yake Porfiri alikuja na chupa ya matunda ya kuchemsha, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kofia yake ya manyoya.

"Kapa dada yangu, unaendeleaje?"

"Jiwe bado halijatoka. Zimebaki tisa?"

"Tisa. Na wenye mihuri kwetu mko wawili. Wewe uko hapa, Agniya ameenda kumzika mama yake."

"Basi wakaguzi wazifungue, kama za watu wengine."

"Kufungua moja ni siku mbili. Tisa ni siku kumi na nane. Leo tarehe ngapi?"

Kapitolina alihesabu siku kwa vidole.

"Wasichana wataunganisha vilevile unavyounganisha wewe," Porfiri aliendelea. "Rimma kiongozi, mimi nimesimama pale kama mlingoti. Muhuri tu, Kapa. Siku mbili nakurudishia."

"Muhuri hauazimwi, Porfiri."

"Nani kasema kuazima? Kwenye daftari wewe uko kazini. Ni mwili tu ndio uko hospitali."

Kapitolina akacheka, na kicheko kikamchoma figo, na katika yale maumivu na kicheko akavua uzi shingoni akampa. Kusema kweli hakutoa kwa huruma tu. Alipenda pia kuambiwa kwamba bila yeye mambo hayaendi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hawakutuambia aliyeazimisha naye hubaki na nini.

Alirudi kazini Januari. Muhuri ulimngoja juu ya meza, umeoshwa, na uzi mpya. Lengo la mwaka lilikuwa limetimizwa, bendera nyekundu ya mashindano ilikuwa imetundikwa ukutani, na kila mwanamke alikuwa amepewa saa ya mezani. Februari, kwa kanuni, kombora moja kati ya yale kumi na mawili lilirushwa nyikani kwa majaribio. Likapiga palepale, na mengine yakapokelewa.

Machi alikuwa kwenye foleni ya soseji, wa nne kutoka mbele, aliposikia anaitwa.

"Mama Kapa! Fundi mwenzangu!"

Alikuwa Venya Churakov, jitu la miraba minne la karakana ya mashine za kufulia, mwenye sauti ya kuuzia samaki.

"Fundi mwenzako wa wapi? Mashine yako imenivunjia mlango wa bafu."

"Kwani hukuambiwa? Desemba tulipelekwa kwenu kuokoa jahazi! Mimi, Stepan, na wale wawili wa ghalani. Wasichana walikuwa hoi, watatu wanalia, wengine wamegombana na waume zao kwa kutorudi nyumbani. Tukashika sisi. Tisa kwa siku mbili!"

Kapitolina alimshika mkono akamvuta karibu. "Beringi mlifuta?"

"Tulifuta."

"Kwa spiriti? Mara tatu?"

Venya akatazama viatu vyake. "Mama Kapa, mwaka unaisha, spiriti yenyewe kidogo na watu wengi. Tulizifuta kwa moyo safi."

"Na kichwani mlivaa nini?"

"Kofia zetu za sufi. Kulikuwa na baridi, bomba la joto lilikuwa limepasuka. Vipi, nimesema vibaya?"

Kapitolina akatoka kwenye foleni. Kutoka kwenye foleni ya soseji ukiwa wa nne ni jambo ambalo Shurakovo hulifanya mtu aliyefiwa, na wanawake wa nyuma walimpa pole huku wakisogea mbele. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Porfiri, akafunga mlango.

"Lile mlilorusha kwa majaribio. La ngapi?"

"La pili," alisema Porfiri bila kuinua macho.

"La pili ni langu. Nililiunganisha mwenyewe kabla sijaumwa."

"Najua. Kwani ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

"Yako wapi yale tisa?"

"Yamepanda treni. Yamekwenda wapi sijui, na hata nikijua, sijui."

Basi, akanyamaza. Tusimpambe: alinyamaza miezi sita. Alijiambia kwamba makombora mengi huzeeka ghalani bila kumdhuru mtu, kwamba Porfiri ana watoto, kwamba picha yake ubaoni ikishushwa wataiona wote wanaokwenda kununua mkate. Alikuwa anaogopa, na woga ukikaa sana hujipa majina mazuri.

Septemba ikaja barua ya Yelisei, mwanawe wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa. Yelisei alikuwa jeshini, dereva wa lori la mafuta, kule Afghanistani ambako vita ilikuwa katika mwaka wake wa tisa. Kikosi chake hakikutajwa wala kazi yake, kwa sababu naye alikuwa ametia sahihi karatasi yake. Mama na mwana walikuwa wakiandikiana kwa miezi kumi na minne bila kuambiana lolote.

"Mama," aliandika, "hapa jua kali na tikiti maji ni tamu kupita kiasi. Tumeletewa bidhaa za kwetu. Vijana wana mchezo wao, wanafungua kifuniko watafute namba ya muhuri. Wakikuta 31 wanaibusu. Wanasema huyo bibi hajawahi kumdanganya mtu. Nyingine zikitumwa wanakimbilia handakini, lakini ya 31 wanasimama hapohapo wanapiga picha. Mimi sikuwaambia kitu, ila siku hiyo nilikula uji mara mbili."

Kapitolina aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena. Wanasimama hapohapo. Yelisei naye anasimama nao, anatabasamu kwenye picha, pembeni ya kitu kilichofutwa kwa moyo safi.

Siku ileile alikwenda kwa Kanali Shirobokov, mkaguzi wa jeshi pale kiwandani, mtu safi, mpole, aliyekuwa akimwagilia maua yake kwa birika la chai.

"Ndugu Kanali, jairo tisa za Desemba si kazi yangu. Muhuri niliutoa nikiwa hospitali. Zirudishwe zifunguliwe."

Kanali aliweka birika chini taratibu. "Kapitolina Savvatyevna, mama yangu, hebu tufikiri pamoja. Kama si zako, hazikukaguliwa. Kama hazikukaguliwa, sikuzipokea. Kama sikuzipokea, lengo la mwaka halikutimia. Na lengo lilitimia, bendera ile pale."

"Zitawaua watu wetu."

"Haziwezi. Zimepokelewa."

"Nipe karatasi niandike."

Alimpa. Kapitolina aliandika kurasa mbili, muhuri, hospitali, spiriti, kofia za sufi, na akataja jina lake kwanza kabla ya la Porfiri. Alijua maana yake: kesi, pensheni kupotea, na labda jela. Aliandika kwa mkono usiotetemeka, akajishangaa mwenyewe. Kanali alipoona mstari wa kwanza tu aliifunika karatasi kwa kiganja, akaitia kwenye bahasha, akapiga juu yake muhuri mwekundu, akaifungia kwenye kasiki ya chuma.

"Hii ni siri ya daraja la kwanza," alisema.

"Utaisoma lini?"

"Mimi niko daraja la pili. Siruhusiwi kuisoma." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hakuna hapa anayeruhusiwa. Nenda nyumbani ukapumzike."

Jioni ile, juu ya supu ya kabichi, Kapitolina alimwambia mumewe: "Avdei, kuna makombora tisa hayajui njia, na mtoto yuko nayo."

Kijiko kilimponyoka Avdei. Kwanza kilichomtisha ni lile neno, ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Aliinuka akafunga dirisha, akafungua bomba la maji ili lipige kelele, akarudi akakaa.

"Ni mkia?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Si mkia. Ni jairo."

"Maana mikia ni yangu."

"Najua mikia ni yako. Miaka yote najua."

Avdei akafuta macho kwa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumwambia kwamba anajua kazi yake. Kisha akaleta karatasi na kalamu. "Mwandikie. Andika 'bidhaa', neno hilo halijakatazwa na sheria. Hakuna afisa wa kukagua barua atakayelifuta." Na Kapitolina akaandika: "Mwanangu, bidhaa zenye 31 zilizotoka Desemba si kazi ya yule bibi. Yeye mwenyewe amesema. Msizibusu. Zikitumwa, nendeni mbali, nyuma ya kilima, wote. Kula vizuri. Baba yako anakusalimu, viazi vimetoka vizuri."

Wakangoja. Sikukuu ya Novemba ilifika na barua haijaja. Kiwandani kulikuwa na gwaride, theluji nyembamba, na perepechi, vimkate vya uyoga vya moto vilivyouzwa juu ya meza za mbao. Kapitolina aliitwa jukwaani, akavishwa nishani kwa ajili ya zile kumi na mbili za Desemba. Mkurugenzi alisema kwamba hata maradhi hayakuweza kumwondoa mama huyu kazini, na watu wakapiga makofi. Porfiri naye alipiga, macho yake chini. Kapitolina alisimama pale juu na nishani kifuani, akaona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kusema hakuweza, kwa sababu alishasema, na alichosema kilikuwa kasikini.

Barua ilifika siku tano baadaye. Kapitolina aliifungulia palepale kwenye ngazi.

"Mama, tulifuata ulichosema. Kamanda alicheka, lakini vijana waliposikia neno limetoka kwa bibi mwenyewe, waligoma kusimama karibu. Sasa kila ikitumwa ya 31 tunarudi nyuma ya kilima na malori yetu. Nne zilienda zilikotumwa. Ya tano ilipanda, ikayumba, ikalala juu ya pale ambapo zamani tulikuwa tunapiga picha, ikauchoma mtambo wa kurushia na lori moja tupu. Mama, pale ndipo ningekuwa. Ya sita ilikata kulia ikashika njia ya bondeni, ambako hakukuwa na lolote la kupiga. Bondeni kuna vijiji, ndiko tulikokuwa tunanunua tikiti. Sisi wote wazima. Vijana wanakubusu mikono. Ile ya bondeni hatujui iliangukia wapi, hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia. Tatu zilizobaki kamanda amesema zitakwenda wiki ijayo, maana kuna lengo la mwezi."

Mtoto mzima. Kapitolina aliegemea ukuta akalia kwa sauti, kilio cha shukrani, jirani akatoka kuuliza kuna nini. Alipofika mwisho wa kilio alisoma tena, mara ya pili, na ya tatu, na kila mara jicho lake lilikwama pale kwenye tikiti.

Akachukua barua akaipeleka kwa Kanali Shirobokov. Kanali aliisoma yote, hii hakuna aliyemkataza kuisoma, na rangi ikamrudia usoni polepole.

"Wetu wote wazima," alisema. Akapumua, akaikunja barua vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. "Umewaokoa, mama. Kweli kabisa, nakwambia kama mwanao. Wote wazima."

"Na wengine?"

"Wengine wepi?"

Hakuwa anamdhihaki. Alichukua hata kalamu, akangoja amtajie majina, kama kwamba kweli kuna askari waliosahauliwa kwenye orodha. Kapitolina alifungua kinywa amjibu, akakuta hana jina hata moja la kumpa. Yale makombora mengine yote ya muhuri wake, yaliyouzwa na kurushwa miaka yote ile, yalikuwa yamenyooka mpaka yakafika, na yeye hakuwahi kuuliza yalimfikia nani.